Gunia la Uzi Mwekundu

"Sasa kama si maganda yako, kala nini?" Nyanjige alikuwa amempakata tetea wake kifuani kama mtoto mwenye homa, na kila neno alilisukuma kwa kidevu kuelekea mlango wa Kwandu. "Katoka bandani anakimbia. Kapita hapa, kadonoa maganda yako ya dengu uliyoyamwaga, basi. Shingo imekuwa kamba! Mtazameni jamani, anatetemeka!"

"Mtazameni, mtazameni," Kwandu alimwigiza, mikono kiunoni, kanga imefungwa kwa vita. "Kuku wa mtaa mzima wanakufa kwa mdondo mwezi huu. Wa kwako ndiye peke yake wa kuuawa na maganda?"

"Mdondo hauji kwa saa moja!"

"Na sumu ya dengu umeisikia wapi? Simiyu nzima tumelelewa na dengu, Nyanjige. Wewe mwenyewe hayo mashavu ni dengu."

Watu wakacheka. Walikuwa wameshafika kama kumi hivi, maana mtaa wetu wa Bariadi hauna televisheni inayoshinda ugomvi wa jirani wa saa tatu asubuhi. Wengine walikuja na vikombe vya chai mkononi. Nyanjige aliona kicheko kinaegemea upande gani, akapandisha sauti.

"Dengu za kuchemsha tunazijua! Sizungumzii hizo. Nazungumzia huo uji wako unaousaga ndani umefunga mlango. Mmoja mweupe, mmoja wa rangi ya kutu, mmoja mwekundu kama mbegu ya dukani iliyopakwa dawa. Chakula gani kina rangi ya dawa?"

Hapo Kwandu akaingia ndani. Watu walidhani amekimbia. Akatoka na bakuli la ule mwekundu, akachota kwa vidole viwili, akatia mdomoni, akalamba mpaka kwenye kiganja, mbele ya umati wote.

"Hii ni humusi, na wekundu wake ni bitiruti. Naionja tangu alfajiri. Haya, nimekufa?"

Kicheko kilichofuata kilimwangukia Nyanjige kama maji ya beseni. Mumewe Yakobo, aliyekuwa ametoka alfajiri kunyunyizia pamba na sasa anatafuta usingizi, alitokeza kichwa dirishani. "Wewe mwanamke, leta huyo kuku nimchinje kabla hajajifia! Au unataka kumzika na sanda?"

Nyanjige aligeuka aende. Lakini alipofika kwenye kona ya ukuta alimtazama Kwandu, na safari hii hakupiga kelele.

"Bado," alisema. "Bado ni asubuhi."

Kwandu alirudi jikoni kwake akiimba, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Alikuwa mtu wa watu. Nyumba yake ikikosa mgeni siku mbili anaanza kujikagua kama ana kosa. Na leo jioni, saa kumi, ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya: watu kumi na wanne, sala, nyimbo, halafu chakula. Wengine wakipokea jumuiya hupika chai na maandazi. Kwandu alikuwa ameapa kwamba watu watatoka kwake na la kusimulia.

Humusi alifundishwa na fundi mmoja Mlebanoni aliyekuja kufunga mashine kwenye kinu cha pamba, miaka ile Kwandu alipokuwa akiwapikia mafundi. Yule bwana alimchagulia dengu kwa mkono, punje kwa punje. Kwanza unaziloweka usiku kucha na magadi kidogo. Asubuhi unamwaga maji, unazichemsha mpaka ukizibana zinabonyea kama siagi, kisha unazisugua ndani ya maji ya baridi ganda livuke lenyewe. Hapo ndipo watu wengi huchoka. Ganda likibaki, humusi inakwaruza ulimi. Halafu unasaga na ufuta uliokaangwa, kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Ya bitiruti, ya pilipili hoho iliyochomwa mpaka ngozi ikaungua, na nyeupe ya kawaida yenye saumu nyingi: mabakuli matatu yalikuwa mezani, yamefunikwa kwa sahani, yanasubiri wageni na chapati.

Akaona ufuta wa kupambia juu hautoshi. Mwingine ulikuwa stoo.

Stoo yake ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, kinachogawana ukuta na jiko la Nyanjige. Alipofungua mlango alikutana na harufu. Si kali bado, lakini anayeijua anaijua. Akawasha tochi ya simu, akainama nyuma ya magunia.

Panya alikuwa amelala ubavu, mkubwa, meno nje. Miguu yake ya mbele ilikuwa imekunjwa kifuani. Alikufa hatua moja tu kutoka kwenye ile kona ya gunia aliyoitoboa yeye au mwenzake, ile kona ambayo dengu zilikuwa zinachuruzika. Kwenye tundu lile lile Kwandu alikinga sufuria jana, akasema moyoni, aa, kwa nini nifumue mdomo wa gunia wakati panya wamenisaidia?

Kwandu hanunui sumu ya panya. Hajawahi.

Alisimama akimtazama yule mnyama, na kitu kikaanza kumtembea mgongoni, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Alishika gunia lile kwa masikio yake mawili, akalivuta kutoka ukutani. Mdomo wake ulikuwa umegeuziwa ukutani. Akaligeuza. Akamulika.

Mdomo ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Sasa hapa lazima mtu aelewe jambo moja la nyumba ya mama mkwe wake, Mhoja, kule Nkololo. Bi Mhoja hajui kusoma, lakini hakosei gunia. Dengu za kula anazishona kwa uzi mweupe. Za mbegu anazishona kwa uzi mwekundu. Na akituma magunia mawili kwa mwanawe Marcelo, mume wa Kwandu, agizo ni lile lile kila mwaka: mbegu ziwekwe juu, zisinyonye unyevu, chakula kikae chini. Mwaka huu Marcelo alikuwa safarini na lori lake, magunia yakaletwa na kijana wa bodaboda, naye akayapanga alivyopenda. Kwandu hakutazama uzi. Alijua la chini ni la kula, kama alivyojua jina lake.

Na mbegu za mwaka jana alizifungua kwa mikono yake. Alikumbuka ule unga wa dukani waliozipaka dhidi ya wadudu, ulivyompanda puani, na jinsi Bi Mhoja alivyomkemea: "Mayu, mama wewe, nawa mikono mara tatu! Ukisahau ukala, tutakuzika."

Kwandu akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya stoo.

Alikumbuka maji ya jana alipoziosha. Yalitoka ya kijivu. Yeye akadhani ni udongo wa mbugani, akamwaga, akaosha tena, akamwaga. Kijivu! Alikumbuka vidole viwili vya humusi mbele ya umati. Na kabla ya hivyo, vijiko vingapi? Sita? Vinane? Alionja chumvi, akaonja ndimu, akaonja kwa sababu ilikuwa tamu tu.

Ulimi wake ukawa mzito. Au ulikuwa mzito tangu asubuhi? Akautoa nje, akaupitisha kwenye meno. Ulikuwa unawasha. Saumu huwasha, alijiambia. Tumbo likaguna. Akaweka mkono juu yake kama anamtuliza mtoto asilie kanisani.

*Bado ni asubuhi.*

Alimpigia simu Masalu, mwenye duka kule Nkololo, ambaye simu yake ndiyo simu ya Bi Mhoja. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Mwangaluka, mke wa Marcelo," Masalu alisema, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wakilia.

"Mwangaluka. Masalu, mama yuko wapi? Namtaka sasa hivi."

"Mama yuko shamba la mpunga, bondeni. Kuna nini?"

"Nenda kamwite."

"Niache duka?"

"Masalu!" Sauti ilimtoka vibaya, hata yeye mwenyewe ikamtisha. "Mwulize mbegu za uzi mwekundu kazipaka nini mwaka huu. Hilo tu. Halafu unipigie."

Alipokata simu, ndipo aliposikia. Ng'ambo ya ukuta, jikoni kwa Nyanjige, kisu kilikuwa kinagonga ubao. Kah, kah, kah. Halafu mafuta yakalia, na harufu ya kitunguu ikapenya kwenye ufa.

Kuku.

Kuku yule alidonoa maganda. Kama maganda yana sumu, kuku ana sumu. Na kama kuku ana sumu, basi baada ya nusu saa Nyanjige na Yakobo watakaa kwenye mkeka na kumla, kwa sababu Kwandu amewaambia, mbele ya mtaa mzima, kwamba kuku wao ana mdondo tu. Wamemwamini. La, hawakumwamini. Wamechekwa mpaka wakanyamaza.

Alijaribu kujidanganya, kama wewe na mimi tungejaribu. Alisema moto unaua sumu. Alisema labda si dawa ile ya mwaka jana. Alisema ngoja Masalu apige, nisiende kujitia aibu kwa jambo nisilo na hakika nalo, jioni jumuiya inakuja hapa, nani atakanyaga kwangu? Aliiona sebule yake na viti vimepangwa na hakuna mtu. Aliwaona watu wakivuka barabara wakifika usawa wa mlango wake. Kuna wanawake hapa hapa Usukumani ambao watu walianza kuwaogopa kama wachawi kwa neno dogo kuliko hili, na Kwandu alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utoto, na baadhi, Mungu amsamehe, aliyasambaza mwenyewe.

Simu haikuita. Kah, kah, kwenye ubao. Kisha kisu kikanyamaza. Kikafuata kifuniko cha sufuria: tang.

Kwandu akainuka. Alipita jikoni kwake bila kuyatazama mabakuli, akatoka nje, akazunguka kona ya ukuta. Hatua ishirini ambazo siku zote alizipita akiomba chumvi au kupeleka umbea, leo zilikuwa ndefu kama kwenda Dutwa kwa miguu.

Nyanjige alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Sufuria ilikuwa motoni, imefunikwa. Hakuinua uso.

"Umekuja kucheka?"

"Usile," Kwandu alisema.

"Nini?"

"Kuku. Usimle. Usimpe Yakobo. Nyanjige, nimekosea." Na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, bila mpangilio: uzi mwekundu, magunia yaliyopangwa kinyume, unga wa mwaka jana, maji ya kijivu. "Dengu nilizopika ni za mbegu. Nadhani zina dawa. Nimesimama pale nikakufanya mwongo mbele za watu, na wewe ulikuwa unasema kweli. Hata panya nimemkuta amekufa stoo, pembeni ya gunia lile lile. Mwage hiyo sufuria, nitakulipa kuku, nitatangaza mwenyewe mtaani, lakini usile."

Alingoja kelele. Nyanjige mwenye mdomo wa kuamsha kata nzima, amepewa ushindi kwenye sahani! Lakini uso wa Nyanjige ulikuwa umebadilika rangi, wa kijivu kama majivu yaliyo mbele yake.

"Panya," alisema. "Amekufa wapi?"

"Stoo kwangu. Kwenye ukuta wa huku."

Nyanjige akanyoosha mkono nyuma ya kigoda, akatoa jani la mgomba lililokunjwa. Akalifungua juu ya mapaja yake. Ndani kulikuwa na kile kifuko cha shingoni ambamo kuku huhifadhi chakula, kimepasuka. Hakikuwa na dengu hata moja, wala ganda. Kulikuwa na punje za mahindi zilizovunjwa, kijani, kijani kisicho cha mmea wowote.

"Ni mimi," alisema, chini kabisa. "Panya wa stoo yako walikuwa wananimalizia unga. Nilinunua sumu mnadani juzi. Nikaipenyeza kwenye ufa wa ukuta, upande wako, nikaziba huku kwangu na tofali. Sikukuambia. Nilijua ungenifokea." Akalikunja tena lile jani. "Kuku kalichakura tofali. Mimi nilidhani ni maganda yako, naapa kwa Mungu, nilidhani hivyo mpaka nilipokuwa namsafisha nikaona hizi. Nimekaa hapa na sufuria. Nawaza nikimwaga, Yakobo ataniuliza kwa nini. Nikimwambia, mtaa mzima utajua."

"Ulikuwa unataka kumla?"

"Sijui nilikuwa nataka nini, Kwandu. Nilikuwa nakoroga tu."

Wakatazamana, wanawake wawili wanene wenye midomo. Kisha Kwandu akauliza swali ambalo hakujua limetoka wapi.

"Na firigisi?"

Maana firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Kuku akichinjwa, hiyo hutolewa mapema, huchomwa juu ya mkaa na chumvi, huwekwa pembeni ya wengine wasiiguse.

"Nilimchomea kabla sijaona hizi," Nyanjige alisema. "Iko kwenye sahani, kabatini. Amelala, hajaila."

Waliingia wakisukumana mlangoni. Kabati lilikuwa wazi. Sahani ilikuwa pale, ina chumvi kidogo na mafuta yaliyoganda. Firigisi haipo.

Nyanjige hakupiga ukelele. Ukelele ungekuwa afadhali. Alitoa sauti nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta, akakimbilia chumbani. Yakobo alikuwa kitandani chali, mkono mmoja umening'inia sakafuni, mdomo wazi. Miguu yake ilikuwa na matope ya shambani.

"Yakobo! Baba Ndaki! Yakobo!"

Hakujibu. Nyanjige akamkamata mabega akamtikisa, kichwa kikaenda huku na huku. Kwandu alisimama kwenye fremu ya mlango, ameuma kanga. Alikuwa anaanza kusema Salamu Maria, amefika kwenye neema, mtu akakohoa.

"Nyumba inaungua?" Yakobo aliuliza, macho hayajafunguka.

"Firigisi! Umekula firigisi?"

"Ile? Nimeitema." Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Chungu kama kwinini. Umepasua nyongo, mke wangu. Miaka kumi na tisa ya ndoa hujajua kutoa nyongo?"

Nyanjige akamwangukia kifuani akalia, naye Yakobo akamtazama Kwandu juu ya bega la mkewe kama anauliza, huyu leo kapatwa na nini.

Hawakumwacha aulize mara mbili. Kwandu aliita bodaboda mbili. Nyanjige alichukua ile pakiti ya sumu na lile jani la mgomba, maana Kwandu alimwambia daktari atataka kuona ni sumu gani. Yakobo alipakiwa akilalamika kwamba hajavaa shati la kutokea. Hospitali walimchunguza macho, wakampima mapigo, wakamwuliza alimeza kiasi gani. Aliitafuna mara moja akaitema, akasukutua kwa maji. Daktari akasema heri, lakini atakaa kitandani wamwangalie mpaka jioni, sumu si kitu cha kubahatisha.

Kwandu naye akajisogeza mbele. Akaeleza ulimi wake, tumbo lake, vijiko vinane. Muuguzi akampima, akamtazama kwa muda.

"Mama, hapa naona hofu," alisema. "Kaa chini unywe maji. Na hicho chakula kisiliwe na mtu mpaka ujue."

Alikuwa bado na kikombe mkononi simu ilipoita. Haikuwa sauti ya Masalu. Ilikuwa ya Bi Mhoja mwenyewe, akihema kama mtu aliyekimbizwa, na akipiga kelele kama wafanyavyo wazee, kana kwamba simu ni bonde linalohitaji kuvukwa.

"Mayu! Unauliza mbegu? Mwaka huu sikupaka kitu cha dukani! Kile kiliniletea kifua mwaka jana, nikakikataa. Nimechanganya na majivu, majivu tu ya jikoni, kama alivyofanya mama yangu! Kwani nini? Umezipanda na mvua?"

Majivu. Maji ya kijivu. Kwandu akaegemeza kichwa kwenye ukuta wa hospitali, machozi yakamtiririka mpaka masikioni.

"Nimezipika, mama."

Nyuma ya Bi Mhoja ng'ombe walilia tena.

"Umepika *mbegu*?" Bi Mhoja alisema hatimaye, na kwa sauti ile Kwandu alijua kwamba kuna kosa moja limekwisha na jingine ndiyo kwanza linaanza. "Marcelo nilimwambia. Nilimwambia, huyu mke ni mzuri lakini hatazami uzi."

Walirudi saa saba. Yakobo alibaki kitandani hospitali akiwasimulia wagonjwa wengine. Nyanjige alimwaga sufuria ya kuku kwenye shimo la choo, na sufuria yenyewe akaitupa humo humo. Kwandu akabeba mabakuli yake matatu. Majivu hayaui mtu, alijua, lakini panya mwenye sumu alilala kwenye tundu lile, na nani anajua miguu yake ilikanyaga wapi? Nyekundu, ya kutu, nyeupe: aliyamwaga moja baada ya jingine, na lile la bitiruti lilimwuma kama kumwaga damu yake mwenyewe. Tundu la ukuta walilichokonoa kwa fimbo, wakaokota punje zote za kijani ndani ya mfuko, wakazika.

"Sasa jumuiya watakula nini?" Nyanjige aliuliza.

Kwandu alilishusha gunia la juu. Halikuwa na tundu, wala jino la panya. Akalitoa nje mwangani, wote wawili wakainama kuutazama mdomo wake kama watu wanaosoma barua. Uzi ulikuwa mweupe. Hata hivyo Nyanjige aliutemea mate kidogo akausugua kwa kidole, kuhakikisha.

Hapakuwa na usiku wa kuloweka. Kwandu alizimwagia maji yanayochemka na magadi, akazifunika kwa blanketi saa nzima, kisha mkaa mwingi, moto mkubwa. Nyanjige alisugua maganda. Alisugua vibaya mwanzoni, akafokewa, akajibu, wakafokeana, na kule kufokeana kulikuwa kutamu kuliko ugomvi wa asubuhi. Lakini kila baada ya muda Kwandu aliona jirani yake anasimamisha mikono ndani ya maji na kuitazama tu.

Saa kumi viti vilikuwa vimepangwa sebuleni. Saa kumi na robo bado vilikuwa vimepangwa.

Habari ilikuwa imefika sokoni kabla bodaboda hazijafika hospitali, na ilipokuwa inarudi ilikuwa imenenepa. Yakobo amezimia. Yakobo amekatwa tumbo. Kwandu ana chungu cha rangi tatu. Kupitia dirishani Kwandu aliwaona wanajumuiya wamesimama ng'ambo ya barabara, vitabu vya nyimbo mkononi, wamesongamana kama wanaongoja basi. Mwenyekiti wao, mzee Januarius, alikuja mpaka getini. Akaweka mkono kwenye nguzo ya geti. Akautoa.

"Mwadila, Kwandu!" aliita, salamu ya jioni. "Tumeona tusali hapa hapa nje, kuna hewa. Na chakula usisumbuke, mama. Sote tumeshakula."

Hii ndiyo iliyokuwa sebule aliyoiona saa nne, akiwa sakafuni stoo. Viti vile vile. Kwandu alitazama mabakuli mapya, mvuke ukiwa bado unatoka, mafuta yakitengeneza vidimbwi vidogo juu, na akawaza kwamba hata akila yote matatu mbele yao, watasema kama alivyosema Nyanjige: bado.

Nyanjige alikuwa mlangoni nyuma yake, mikono imelowa mpaka viwikoni. Akalisukuma pazia. Akachukua chapati moja, akaikunja, akalichukua bakuli la nyekundu akatoka nalo nje mpaka katikati ya uwanja, pale pale alipokuwa amesimama na kuku asubuhi.

"Kuku wangu aliuawa na sumu ya panya," alitangaza, na ile sauti ya kuamsha kata ilikuwa imerudi kazini. "Niliiweka mimi. Nyanjige! Kwenye ukuta wa watu, bila kuwaambia. Mume wangu yuko hospitali kwa kosa langu mimi, na yuko hai kwa sababu huyu mwanamke alikuja kuniambia nisile, wakati mwenyewe alidhani kosa ni lake. Anayetaka kumwogopa mtu aniogope mimi."

Akachovya chapati. Akala. Akatafuna taratibu, akameza, akachovya tena. Sehemu ya wekundu ilimbakia mdomoni, hakuifuta.

Ng'ambo ya barabara hakuna aliyecheka.

"Inahitaji ndimu kidogo," alisema, akimgeukia Kwandu. Halafu akamtazama mzee Januarius pale getini, mkono hewani, hajui auweke wapi. "Na wewe baba, tangu lini umekula? Nimemwona mkeo yuko huko barabarani na funguo za jiko kiunoni; nani kakupikia? Ingia ndani, ukae, ule."